Mtoto wa Inger-Lise

Nyumbani kwa akina Østergaard, pale Lemvig, mji mdogo wa Denmark, watu walikula kimya, wakakunja vitambaa vyao kimya, wakamngoja binti yao Bodil amalize kuizunguka meza.

"Kaa chini, mwanangu. Kiti kina miiba?" mama yake alikuwa akimtania.

Walimpenda mno. Walimchukua angali mchanga, wala hawakumficha kwamba hawakumzaa. Lakini hata alipokuwa mtu mzima, fundi rangi wa kuanza ukuta huu na kuuacha akimbilie ule, Bodil hakuacha kujiuliza: hivi nimefanana na nani?

Alikuwa ameshapita miaka arobaini daktari alipomwambia kwamba ana ile hali ya kushindwa kutulia na kukaza mawazo.

"Sehemu kubwa hurithiwa," daktari alieleza. "Wala si jeni moja. Ni nyingi sana, kila moja inasukuma kidogo tu. Kwenu nani mwingine yuko hivi?"

Bodil aliaga, akatoka. Alipofika kwenye gari alilia. Hakulilia hali yenyewe. Alimlilia mtu asiyemjua, aliyekuwa akipoteza funguo kama yeye.

Akaanza kumtafuta. Ofisi ya watoto wa kulea ikamwambia mama yake mzazi, Inger-Lise, ameshafariki. Amebaki mwanawe wa kiume, Troels, fundi baiskeli huko Aalborg. Bodil akamwandikia, kisha akaenda.

Troels alimfungulia mlango akiwa na soksi mguu mmoja. "Karibu, dada, karibu! Ngoja, kahawa yangu!"

Kahawa ilikuwa imeshafurika. Akafuta nusu ya jiko, akaliacha, akakimbilia chumbani kumletea picha ya mama, akarudi na bisibisi.

"Hivi nilifuata nini?"

"Picha ya mama," Bodil alisema huku akicheka.

"Ee, kweli! Mama ndiye aliyetuzidi wote. Anapika huku anafuma sweta, na vyote vinaharibika."

"Aliwahi kunitaja?"

Troels akaiweka bisibisi chini. "Hapana, dada. Sitakudanganya. Ila kila Machi kuna siku alikuwa hakai ndani. Anatembea ufukweni mpaka giza liingie. Tukimuuliza, anatufokea."

"Nilizaliwa Machi," Bodil alisema.

Wakabaki wote wawili wamesimama, viti vipo.

"Alikuwa anaongeaje?" Bodil akauliza.

Troels akamwigiza: maneno mbiombio, yakikanyagana, kicheko kikiyakatiza katikati. Bodil akafumba macho, akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena.