Alitaka gari la mwanawe lipate joto, nusura alale moja kwa moja

Asubuhi, kabla hajatunga uzi kwenye sindano, mama huyu anaanza na milango ya banda. Anaifungua yote miwili mpaka ukutani, anaiwekea tofali upepo usiirudishe. Baridi inaingia kama mwenye nyumba. Anajitanda shuka, anakaa kwenye cherehani, anaanza kukanyaga.

Nyuma yake limelala gari jekundu la milango miwili, la zamani, lililokaa chini karibu na ardhi, lile la vijana wanaopenda mbio. Majirani wanaliita Chura. Yeye wanamwita Mama Sindano, maana kazi yake ni kushona viti vya magari, na sindano haimtoki kwenye kola hata akienda msibani.

"Zamani milango hii nilikuwa naifunga," anasema. "Sasa bora nitetemeke."

Chura ni la mwanawe wa pekee. Alilinunua likiwa gofu, akalivuta kwa kamba hadi nyumbani. Kabla hajamaliza kulitengeneza akapata kazi ng'ambo, kwenye ghala la mizigo.

Asubuhi ya kuondoka kwake kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mama na mwana waliketi ndani ya Chura wakingoja teksi, hita imekufa, wanapumulia viganja na kuchekana. Kijana akagonga dashibodi, akasema akirudi ataanza na hita, kisha atampeleka mama yake milimani, madirisha yamefungwa, joto tele.

Huu ni mwaka wa saba.

"Mwanzoni alikuwa anapiga kila Jumapili. Jumapili ikawa mwisho wa mwezi. Siku hizi mimi ndiye ninayepiga," anasema, macho yakiwa kwenye mshono. "Nikawaza, labda mtoto anaona uvivu kurudia vitu vibovu. Nikasema basi, nianze na hiki kibovu chake."

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe anayeishi naye, alimcheka mpaka akachoka. Alimuuliza kama gari hilo limemtolea posa. Mama Sindano akamjibu kwamba angalau lenyewe halirudi limelewa.

Hakuwa fundi wa magari, ila mikono yake imezoea kufumua. Alifungua dashibodi yote. Kila skrubu iliyotoka aliichomeka kwenye kipande cha turubai alichokikata kwa umbo la dashibodi yenyewe, pale pale ilipotoka, kama anavyofanya na vifungo vya koti la mtu. Hakuna iliyopotea.

Ndani kabisa alikikuta kijirejeta cha hita, kile kinachopitisha maji ya moto ili feni ipulize joto. Kilikuwa kimetoboka. Ndiyo maana kapeti ilikuwa mbichi siku zote na kioo kikishika ukungu wa mafuta. Alikipeleka kwa jirani yake, fundi rejeta, kikachomelewa, akakirudisha mwenyewe.

Halafu akaingia kwenye kazi anayoijua. Aling'oa kapeti iliyooza. Akashona mpya. Akavisha milango, akavisha paa.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na ni kosa ambalo fundi wa vitambaa peke yake angelifanya.

Chini ya giya palikuwa na mpira mkuukuu, umechanika, umejaa grisi. Kazi ya mpira ule ni kuziba tundu la sakafuni, hewa ya chini ya gari isipande ndani. Yeye aliuona uchafu. Aliukata akautupa, akashona mfuko mzuri wa ngozi, mshono wa mara mbili, akafunika. Kwa macho yake tundu lilikuwa limekwisha. Wala hakujua kwamba chini yake bomba la moshi lilikuwa na ufa.

Siku ya kujaribu hita, baridi ilikuwa kali, akafunga milango ya banda. Akawasha injini. Akaketi kiti cha abiria, pale pale alipoketi asubuhi ile ya teksi. Akafungua feni.

Joto likaja.

"Lilianza miguuni," anakumbuka. "Nikasikia kiharufu, nikasema ni gundi ya kapeti. Kichwa kikawa kizito, nikasema ni uchovu. Nilijiona kabisa tunapanda milima, naye yuko kwenye usukani. Sikutaka kufungua macho."

Wifi yake alileta chai. Aligonga, kimya. Alipovuta mlango wa banda alimkuta Mama Sindano ndani ya gari, kichwa kimeangukia bega, anatabasamu. Chai ikamwagika, akamburuta nje kwa kwapa huku akiita majirani. Daktari aliwaambia baadaye kwamba sumu iliyomo kwenye moshi wa gari yenyewe haina harufu wala rangi, na kwamba chai ingechelewa kidogo, wangeletewa habari nyingine.

Fundi rejeta alilala chini ya gari na tochi, akatoka akipangusa mikono.

"Mama Sindano, ulifunika," alimwambia. "Hukuziba."

Maneno hayo bado yanamchoma. Ametaka yaandikwe hivyo hivyo, wayasome wenye magari makuukuu, na zaidi akina mama wanaokaa na magari ya watoto wao. Injini isiwashwe kwenye chumba kilichofungwa, hata kwa dakika za kujaribu. Mpira wa sakafuni usiondolewe kwa kuwa ni mbaya. Kichwa kikiuma ndani ya gari, mtu atoke kwanza, sababu aitafute akiwa nje.

Bomba limeshaungwa sasa, na mpira mpya umefungwa. Asiyetulia ni wifi, ambaye alitaka Chura liuzwe siku hiyo hiyo. Mama Sindano alimwomba asimweleze kijana. Wifi hakumsikiliza, alipiga simu ng'ambo akasema yote.

Usiku huo huo simu ililia, na safari hii si yeye aliyepiga. Alijiandaa kuambiwa auze. Upande wa pili mtu alikuwa analia, mwanamume mzima.

"Mama, usiliwashe tena," alisema. "Usiliwashe mpaka nije."

Wifi anasema hayo ni makatazo. Mama Sindano ameshika maneno mawili ya mwisho, na hayaachii.

Kiti cha abiria kimekamilika, chekundu, mishono imenyooka. Cha dereva bado kina kitambaa cha zamani, katikati kimebonyea umbo la mtu. Ngozi yake ipo, imekunjwa kwenye rafu, haijakatwa. Ukimuuliza anangoja nini, anainua macho kwenye cherehani kama ameulizwa jambo la kitoto.

"Kiti cha dereva nakishona vipi," anasema, "na mwenyewe hajaja kukaa nikampima?"