Siku Kumi na Tisa Nilizozitupa

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alikuja kwetu Kampemba, Lubumbashi, mwezi mmoja baada ya kilio cha baba. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafungua daftari, akasoma kila kitu ambacho ukoo wao ulitoa kunioa: mbuzi wanne, bidoni mbili za mafuta, vitenge vya mama, pesa, suti ya baba. Mume wangu, ambaye alibaki Ubelgiji, ndiye aliyemtuma. Ndoa imekwisha, alisema, mahari irudi.

Mimi nilikuwa nimetoka hukohuko Ubelgiji kuja kumzika baba. Nyuma yangu niliacha kazi ya kusafisha ofisi, yenye mkataba usio na tarehe ya kuisha, na chumba chenye joto. Kwenye pochi nilikuwa na kadi ya kukaa niliyoipata kwa njia ya ndoa: miaka mitano, halafu ningeomba ya kudumu. Nilijua kwamba sikutakiwa kukaa nje ya Ubelgiji mwaka mzima, kadi isije ikafutwa. Kwa hiyo kila asubuhi nilihesabu siku zangu za kuwa nje, na jioni nikazirudia, maana nimekulia kwenye biashara ya Mokambo, na pale mpakani anayehesabu mara moja hurudi na gunia pungufu. Siku ile zilikuwa thelathini na tatu tu. Nikajiona tajiri.

Kwa desturi, mwanamke anayeachwa hasemi kwenye kikao. Anayesema ni mkubwa wa familia, na sasa mkubwa alikuwa baba mdogo, mtu mpole ambaye hata muuza nyanya humwongezea bei akimwona kwa mbali. Alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali. Nikashindwa kunyamaza.

"Suti iko na baba. Muende makaburini, mumuombe aivule."

"Ee mama, tunaongea mambo ya bakubwa hapa," shemeji akasema.

"Niko mukubwa. Njo miye muliolipia. Na yale mafuta tulikula sisi bote siku ya ndoa. We mwenyewe ulikula sahani mbili, nilikuona."

"Moja."

"Mbili. Ya pili ulifichia nyuma ya mulango."

Shangazi yangu alicheka akaziba mdomo kwa kitenge. Kutoka hapo nilimshusha hatua kwa hatua. Vitenge vimechakaa. Pesa ilinunua sufuria ninazomwachia mume. Mbuzi wawili walichinjwa siku ileile ya ndoa, wa tatu alikufa kwa ugonjwa. Haikufika saa moja, mahari yote ikabaki mbuzi mmoja. Baba mdogo alinitazama kama mtu anayeona mtoto wake akipewa cheti.

"Sawa, mbuzi moja," shemeji akasema. "Lakini tuandike leo."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mnunuzi anayekubali upesi ameona kitu ndani ya mzigo ambacho mwenye mzigo hajakiona. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijaota meno ya pili. Lakini niliogopa asije akabadili mawazo kuhusu wale mbuzi watatu, kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kutafuta kalamu. Nilisoma karatasi mara mbili. Familia zote mbili zimekubaliana watu hawa waachane. Nikatia sahihi.

Kesho yake asubuhi aliipeleka mahakamani pamoja na barua ya mume wangu ya kumpa uwezo. Bila ile karatasi, hakimu angeturudisha nyumbani tusuluhishwe kwanza, na usuluhishi wetu unajulikana: mjomba yuko Kasungami anavuna mahindi, shangazi anaumwa mguu, kikao kinasogezwa hadi watu wasahau waligombania nini. Lakini karatasi ilikuwapo, na kesi ikaandikishwa siku hiyohiyo.

Nilibadilisha tiketi ili niondoke na hukumu yangu mkononi. Kwani siku zangu hazikuwa bado nyingi? Mwezi wa tano wa kuwa nje, mwenzangu wa kazi kule akanitumia kwenye simu picha ya barua iliyofika kazini kwetu. Ofisi ya wageni imenifutia kadi. Barua iliyonipa muda wa kujitetea ilikuwa imetumwa kwa anwani ya mume wangu, naye aliipokea akakaa nayo. Mwenzangu akanitafutia wakili, mwanamke mwenye sauti ya uchovu.

"Mlifunga ndoa ya serikali, ile ya komini, tarehe gani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Kesi ya talaka iliandikishwa lini?"

Nikamwambia.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu. Kama ndoa ingekuwa imefikisha miaka mitatu kabla ya kesi kuanza, mwaka mmoja wake nikiwa kule, na kazi ninayo, talaka isingenipokonya kadi.

"Madame, umepungukiwa siku kumi na tisa."

Nilihesabu kwa vidole. Nikaenda kwenye kalenda ya parokia, nikahesabu tena kwa kalamu. Kumi na tisa. Ningesema tu kwamba tunamlilia baba, warudi mwezi ujao, hakuna ambaye angenishangaa. Nilihesabu siku zote za kuwa nje, nikasahau kuhesabu umri wa ndoa yangu mwenyewe.

Rufaa ilikataliwa. Sasa nauza vitenge sokoni, hapahapa Kampemba. Juzi shemeji alisimama mbele ya meza yangu, mpole, akapapasa kitambaa asichokusudia kununua. Nikamuuliza kwa sababu gani siku ile alikubali mbuzi mmoja.

"Kaka alisema hata bila mbuzi. Tupate tu sahihi mbele ya mwezi kuisha."

Alisema hivyo bila haya, kama anayenipa habari ya mvua. Kisha akatoa lililomleta. Kaka yake anaoa tena, binti wa hapa Lubumbashi, na mimi najua njia ya kumpeleka Ubelgiji. Ni karatasi gani zinatakiwa?

Nilimtajia zote, moja baada ya nyingine, naye akaandika kwenye simu yake.

"Ni hizo tu?"

"Za kwako ni hizo. Binti mwenyewe anipigie, niko na neno la kumuambia."

"Neno gani? Niambie, nitamufikishia."

"Hapana, shemeji. Wewe hapana."

Akacheka, akaenda zake. Imepita wiki mbili, na huyo binti hajapiga.