Vua Miwani, Nikupige Picha

Siku tuliyohitaji picha ya Nanga, hatukuwa nayo. Hata moja, na ndani ya nyumba ya mpiga picha! Nikisimulia watu hunitazama kama naongeza chumvi, na siwalaumu, kwa sababu nilikuwepo na mimi mwenyewe bado siamini.

Mpiga picha ni mke wangu. Nanga alikuwa kaka yake, nahodha wa boti ya kukodi inayowapeleka watu kuvua kwa kujifurahisha. Jina hilo alipewa kwa uzito wake, na kwa sababu akishasimama mahali hasogei mpaka apende mwenyewe. Miaka mingi walifanya kazi boti moja, kaka kwenye usukani, dada kwenye kamera. Mteja akinasa samaki anapigwa naye picha, samaki anarudishwa majini, mteja anakwenda kuwatambia wenzake ofisini. Mimi nauza viatu. Niko nchi kavu na nimeridhika, maana nikiitazama tu boti inavyoyumba gatini tumbo langu huanza ugomvi.

Mama yao hakuipenda kazi hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa mke wangu hajui kuogelea. Siku ya kwanza mama mkwe aliwafuata hadi gatini, akamwekea Nanga kidole kifuani mbele ya wateja.

"Mdogo wako nakukabidhi wewe," akamwambia. "Akiegemea, mshike. Akisogea ukingoni, mshike. Sitaki kusikia habari nyingine."

"Sawa, Mama," Nanga akajibu huku anacheka. Mimi nilidhani ni ile sawa ya kumfanya mzazi arudi nyumbani.

Kwetu kamera ina hadhi kunishinda. Inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu ninavyovitoa kwenye maboksi ya viatu. Asubuhi ya safari haitolewi chumbani ghafla, eti ikikutana na joto la nje lenzi itaingia ukungu, kwa hiyo inaachwa ndani ya mkoba wake kwanza izoee hewa. Mimi nikitoka kuoga nikapigwa na baridi hakuna anayeuliza kama nimezoea hewa. Ikirudi kutoka baharini inafutwa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kila kitufe, mpaka chumvi yote iishe, na ole wako umsemeshe katikati ya kazi hiyo.

Lakini kazi yake aliijua. Mbele ya lenzi alifunga kioo cha kuzunguka cha kukata mng'ao, akawa anakizungusha taratibu mpaka ule weupe wa jua juu ya maji unaondoka na rangi za samaki zinatokea. Saa sita mchana, jua limesimama utosini na kofia ya mteja imemtia kiza usoni, aliwasha taa ya kamera. Watu walimcheka, taa ya nini mchana? Wakiziona picha wanaomba na wao wawashiwe. Alikuwa na lenzi pana, na alimwambia mteja anyooshe mikono, samaki asogee mbele karibu na kamera, hapo kolekole wa kawaida anaonekana kama ndama. Nilimwambia huo ni utapeli. Akaniuliza vile vioo vya dukani kwangu vilivyoinamishwa ili mguu uonekane mwembamba vinaitwaje.

Sheria yake kubwa ilikuwa pumzi. Samaki akitolewa majini, yeye anabana pumzi. Pumzi ikimwishia, picha imeisha, mrudishe samaki, hata kama mteja bado anatengeneza kola ya shati. "Mimi nikishindwa, na yeye kashindwa," alikuwa akisema.

Kulikuwa na sheria mbili nyingine, na hizo ndizo zilizotuponza. Ya kwanza ilikuwa nyuma ya mteja pawe safi. Ndoo isionekane, kamba isionekane, na kichwa cha nahodha kisichomoze begani kwa mtu aliyelipa apigwe picha na samaki wake. "Kaka, toka!" ndiyo sauti iliyosikika boti nzima. Ya pili ilikuwa mteja avue miwani ya jua. Miwani inaficha macho, tena inaonyesha yaliyo mbele yake, na mke wangu hakutaka mtu aione kamera yake ndani ya picha. "Vua miwani, nikupige picha." Nadhani hata usingizini aliwahi kuniambia hivyo, na mimi sina miwani.

Nanga hakufa baharini. Hilo peke yake lilitutia wazimu. Mtu aliyepita kwenye mawimbi yanayowafanya watu wazima waite mama zao alifia kwenye kiti cha kinyozi, shuka nyeupe shingoni, upande mmoja wa ndevu umenyolewa. Mke wangu alikuwa dukani kwangu siku hiyo, anafuta kamera juu ya kaunta. Kinyozi ndiye aliyepiga simu. Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia.

"Aliinamisha kichwa, dada, nikadhani kasinzia. Wateja wangu wengi husinzia. Nikamwambia bosi, nyanyua kidevu. Nyanyua kidevu, bosi."

Mke wangu aliweka simu mezani. Akaweka kamera kando yake. Kisha akabana pumzi, vilevile kama anavyoibana samaki akiwa juu, macho wazi, mashavu yametulia. Nikasubiri aiachie. Hakuiachia. Nilimshika mabega nikamtikisa, nikampiga mgongoni kwa kiganja, nikampigia kelele, na mteja aliyekuwa anajaribu kiatu akatoka nje na kiatu changu mguuni. Alipovuta hewa ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Nikakaa chini sakafuni pamoja naye, kati ya maboksi.

Tulipokwisha kumzika, mama mkwe alituita. Alikuwa ameketi kitandani, mkononi kashika kitambulisho cha Nanga.

"Nataka picha ya mwanangu nimweke hapa ukutani," akasema. "Hii siitaki. Huyu hapa ni mtu anayetafutwa na polisi."

Ni kweli, kitambulisho kilikuwa kibaya, tena cha ujana. Nanga hakuwa na mke, hakuwa na sherehe, na simu yake ilikuwa ya vitufe, enzi zile kamera ya simu ilikuwa bado ni mzaha. Lakini hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mke wangu akasema, "Mama, kesho nakuletea nzuri." Alisema kwa urahisi kabisa. Mtu amefanya kazi na kaka yake miaka yote hiyo, kamera shingoni!

Akafungua kompyuta, akaanza kutafuta. Nilimpelekea chai ikapoa. Nilimpelekea nyingine. Aliwapata wote: daktari wa meno na kolekole wake, bwana harusi aliyetapika kisha akatabasamu, wale ndugu wawili waliogombania samaki mmoja. Nyuma yao bahari safi, mbingu safi. Cha Nanga alipata kiwiko tu. Alipata ncha ya kofia. Alipata mkono mmoja unaomsaidia mteja kuinua mkia wa samaki, umekatwa pale kwenye saa.

"Nimemtoa," akaniambia. "Kila nilipomwona nilimtoa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Nikaenda kuchemsha chai ya tatu.

Alikwenda kwa mama yake akamwambia ukweli. Mama mkwe hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. "Umewapiga picha watu wa dunia nzima," alimwambia, "ndugu yako ukamfukuza kama nzi." Akageukia ukuta. Tangu hapo binti akienda, mama amelala. Binti akipiga simu, mama yuko bafuni. Mke wangu aliacha kwenda kwenye boti. Kopo la kamera likapanda juu ya kabati, na baada ya wiki kadhaa akaniambia nitafute mnunuzi wa kila kitu, kamera, lenzi, mpaka ile diski ya kuhifadhia picha. Nilibisha. Akanitazama kama mimi ndiye niliyemuua Nanga, nikaenda kutafuta.

Mnunuzi akapatikana, mpiga picha wa harusi mwenye haraka. Kazi yangu ikawa kuisafisha diski. Niliichomeka kwenye kompyuta ya dukani mchana mmoja ambao wateja walikuwa hawana miguu. Kulikuwa na folda moja aliyoiita Takataka, ya picha zilizoharibika, kwa sababu alikuwa na woga wa kufuta kitu akiwa kwenye boti isije ikawa kafuta kizuri. Mimi ni mdaku. Badala ya kuifuta nikaifungua, angalau nicheke kidogo kabla maisha yetu hayajaenda kwa mtu wa harusi.

Picha ya kwanza kuifungua ilikuwa ya mzee mnene mwenye miwani ya jua, kolekole kifuani, mdomo wazi kama naye ni wa kunaswa. Mke wangu alinifundisha kitu kimoja tu kuhusu picha: usitazame samaki, kuza macho kwanza, macho yakiwa makali picha imepona. Basi kwa mazoea nikakuza macho. Hayakuwepo macho, ilikuwepo miwani. Na ndani ya miwani walikuwepo watu wawili.

Nilishtuka nikarudisha kiti nyuma kikagonga rafu.

Wa mbele alikuwa mke wangu, mdogo kabisa, kamera usoni. Amelala nyuma, mgongo umevuka ukingo wa boti, nusu ya mwili iko juu ya bahari. Mama wee! Mtu asiyejua kuogelea! Hakuwahi kuniambia kwamba lenzi pana inamdai hivyo ndipo mteja, samaki na mbingu viingie pamoja. Na kando yake, mguu mmoja kaukaza kwenye ukingo, alikuwa Nanga. Ameacha usukani. Mkono wake mkubwa umepita nyuma ya mke wangu na kuushika mkanda wa suruali yake, ngumi imefumba barabara. Anamtazama dada yake, anacheka.

Nikafungua nyingine. Mwanamke mwenye miwani ya duara. Nikakuza. Nanga, mkanda. Nyingine, miwani ya kioo cha bluu. Nanga, mkanda, mvua inampiga usoni. Nyingine, na nyingine, kila aliyesahau kuvua miwani, na kila mmoja kambeba Nanga usoni mwake. Nilifunga duka mchana kweupe, nikakimbia nyumbani na diski imeshikwa kwa mikono miwili kama yai.

Mke wangu alizitazama amesimama. Nilisimama tayari nyuma yake, nikihofia ile pumzi.

"Hukuniambia kwamba alikuwa anakushika," nikasema.

"Nilisahau," akajibu. "Alikuwa ananishika kila siku mpaka nikasahau. Nilikuwa nadhani nimesimama mwenyewe." Hapo akalia, kilio cha kawaida, chenye hewa ya kutosha, na mimi nikashukuru.

Tuliichapisha ile ya mzee mnene, miwani peke yake, imekuzwa mpaka chembechembe zinaonekana. Mpiga picha yeyote angeitupa. Mke wangu aliipeleka kwa mama yake bila kubisha hodi, akaiweka juu ya shuka, akakaa chini. Mama mkwe aliishika karibu na macho. Nilingoja aseme kitu juu ya uso, kwamba anacheka, kwamba kapungua, yale maneno ya wazazi. Badala yake kidole chake kilishuka kutoka kwenye uso, kikafuata bega, kikafuata mkono wote hadi kwenye ngumi, kikabaki pale.

"Nilimwambia amshike," akasema.

Kisha akamvuta binti yake kitandani kwa ule ule mkanda, na alipomwona yuko karibu akamchapa kofi la begani. "Na wewe unalala juu ya maji hivi? Unataka kuniua?"

Yule mpiga picha wa harusi alikuja jioni hiyo, nikamwuzia viatu.

Mke wangu amerudi kazini. Boti imepata nahodha mwingine, mtu mzuri lakini haachi usukani, kwa hiyo safari ya kwanza nilikwenda mimi. Nilitapika kabla hatujaliacha gati vizuri. Mteja aliponasa samaki nilijikokota hadi ukingoni, nikaushika mkanda kwa mikono yote miwili, na mke wangu akalala nyuma juu ya bahari kana kwamba yuko kwenye sofa letu. Samaki akainuliwa, maji yanamchuruzika. Mteja, aliyekuwa ameshaambiwa na wenzake desturi za boti ile, akapeleka mkono wake mmoja kwenye miwani ya jua.

"Usivue," mke wangu akamwambia, na kuvuta pumzi. "Mama atataka kuona nani amenishika."