Pimamaji na Njia ya Wenye Mabeseni

Siku yangu ya kwanza kazini, Kapitao, yaani msimamizi wetu, alinikabidhi pimamaji: kipande cha mbao chenye kichupa cha maji na kipovu ndani. Kipovu kikikaa katikati, ardhi imelala sawa.

"Uichunge sawa jicho yako," alisema. Alikuwa amejenga barabara Elisabethville, ng'ambo ya mpaka, na Kifaransa kilikuwa hakijamtoka mdomoni.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulitumwa kutengeneza njia ya miguu kando ya ziwa hapa Nchelenge, toka gatini hadi kanisani, watu wasigongwe tena na baiskeli za wachuuzi wa samaki. Nilijiona mtu mkubwa, mpaka kamba ya Kapitao, iliyofungwa kwenye vigingi, ilipokatiza mchanga ambapo mama yangu na wenzake walianika chisense, samaki wadogo walionilea na kunisomesha.

Mama, mtu wa Kasenga ng'ambo ya mto Luapula, alinisubiri penye kigingi.

"Mutoto wangu, njia yenu ikipita hapa, chisense nitaanika wapi? Ku kitanda?"

Niliona haya. Nikamwomba Kapitao tufuate njia ya wanawake ya kuteka maji, iliyozunguka nyuma ya mchanga.

"Ile ya kukunja-kunja? Ni ya mbuzi! Njia ni droit, ya kunyooka."

"Baba Kapitao, tupime kwanza. Kama ni mubaya, unifukuze."

"Bon. Kazi yako iko mu hiyo pimamaji."

Tulipima hatua kwa hatua. Kwenye mstari wake kipovu kilikimbia huku na huku. Kwenye njia ya wanawake kilitulia katikati, tena na tena. Kapitao akavua kofia, akamgeukia mama yangu.

"Mama, nani aliwapimia?"

"Beseni ya maji, baba. Pahali inamwangika, hatupiti."

Kapitao akang'oa vigingi mwenyewe, akavipanda kwenye njia ya wanawake.

Baadaye nilijenga njia nyingi chini ya wakubwa wa kila namna, na kila mahali niliuliza kwanza akina mama wanapita wapi. Leo nimestaafu, magoti yananigomea, lakini njia ile ya kwanza bado naipita kwa fimbo, na chisense bado inanukia vizuri.

Hotuba za siku ya kustaafu nimezisahau. Sisahau Jumapili ya kwanza ya njia ile. Mama alitoka kanisani, akatembea taratibu akitazama kisiwa cha Kilwa, hana mzigo wowote, lakini mkono mmoja ameuinua kichwani.

"Mama, unashika nini?"

Akautazama, akacheka mpaka machozi.

"Mukono haiyajua bado kama leo ni ya kutembea tu."