Babangu Ndiye Aliyepiga Kinanda

Nina hasira, na asinijie mtu kuniambia nitulie. Kaka yangu Yaseen amemfuta babaetu mzazi, na baba yungali hai.

Baba, Mzee Rashad Taib, ana miaka tisini na mmoja. Hapa Malindi watu wanamjua kwa useremala tu. Lakini ujanani alipiga kinanda katika ukumbi wa sinema. Mwenye ukumbi alikuwa akinunua picha kuukuu, zile bubu, kwa kuwa zilikuwa rahisi, na baba akizitungia muziki mwenyewe: huu wa mapenzi, huu wa vita, huu wa farasi. Marehemu mama akituimbia huo wa farasi jikoni, na Yaseen akiucheza mpaka jasho likamtoka! Leo kafuga ndevu, afundisha madrasa, kinanda kimekuwa aibu ya ukoo.

Mwezi uliopita alikuja Mumbua, mwalimu wa chuo kikuu anayewatafuta watunzi waliosahaulika wa muziki wa picha bubu. Alikuwa amepata kanda ya sauti iliyorekodiwa katika ukumbi ule. Muziki umo, jina halimo. Akamkuta Yaseen barazani.

"Babaetu hajagusa kinanda maisha yake," Yaseen akamwambia. Na saumu mdomoni! Mimi nikaja kujua kwa tangazo la onyesho la picha hizo katika hoteli moja ya Bofa: mtunzi hajulikani. Hajulikani! Wallahi, nililichana palepale.

Nikampigia Mumbua simu. Alhamisi akaja nyumbani na kompyuta yake. Yaseen naye huyo, kafura.

"Mwanamina, wataka baba asemwe msikitini?"

"Na asemwe! Wewe ushamzika kabla hajafa!"

Mumbua akamwamkia baba shikamoo, akamuuliza kama muziki ule ni wake. Baba akamtazama Yaseen.

"Zamani hizo, mwanangu. Alikuwa mtu mwingine."

Damu ilinichemka, hata na yeye nikamkasirikia. Nikamwambia Mumbua aionyeshe hivyohivyo ile picha ya farasi, aliyokwisha kuipachika muziki wa kanda.

Farasi akatimka, na muziki nao. Baba alikuwa kainama. Mara akaupiga mkeka kofi.

"Simamisha! Nani kaupanga hivi? Farasi kashaanguka, nyinyi bado mwamkimbiza! Akianguka, muziki wanyamaza. Kimya! Mpaka yule bibi amshike bwana mkono, ndipo waanza tena, polepole. Wiki mbili nilikihangaikia kipande hicho, leo mwaja kuniharibia?"

Sijapata kumwona vile.

"Baba, taratibu," Yaseen akasema.

"Nyamaza wewe!"

Mumbua akatoa kalamu, akauliza tangazo jipya liandikwe jina gani. Baba akataja lake, la babake, na la babuye, akimngoja kila jina alimalize kuandika. Kisha akaichukua ile karatasi, akamnyoshea Yaseen.

"Soma."

Yaseen akasoma, midomo ikichezacheza tu.

"Kwa sauti," baba akasema.