Betri Nne za Tochi

Kwenye karte yake ya mpiga kura, koko, yaani bibi yangu mzaa mama, ana sura ya mtu aliyekamatwa akiiba kuku wa jirani. Hakuwa na picha nyingine. Na kwetu Masisi, mtu akifa, picha yake hutangulia jeneza, imebebwa na mjukuu mkubwa. Mjukuu mkubwa ni mimi.

"Ukinibeba na ile sura ya mwizi," aliniambia, "nitaamka mbele ya padri."

Simu ya nyumbani, jicho lake la kamera limepasuka. Kila anayepigwa picha nayo anatoka na kovu. Basi koko akatoa mbuzi wake ili nipate aparei ya picha, kamera ya kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nachosha familia nzima kwa habari za lenzi na mwanga, kwa hiyo akasema nichague mwenyewe.

Nikamburuta mbuzi hadi senta, kwa Papa mmoja, mzee mpiga picha wa harusi, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kazi. Aliweka mbili mezani, zote za kubadilisha lenzi. Moja nyeusi, inang'aa, inaona hata kwenye giza la jikoni, lakini betri yake ni ya kuchaji, ya kwake peke yake, huwezi kuipata dukani. Nyingine nzito, imekwaruzika, matope ya safari za Omate bado kwenye vifungo, nayo inatumia betri nne ndogo za tochi.

Nilichungulia, nikazungusha lenzi, nikauliza maswali ya kitaalamu mpaka mbuzi akalala.

"We mutoto, unachagua aparei ao unachagua bibi wa kuoa?"

"Bibi hana garanti, Papa. Aparei je?"

"Hata hii haina. Beba ya zamani. Mvua ya Walikale yote ilishainyeshea, na bado iko inatumika. Betri zake unapata hata kwenye kiduka cha Lushebere."

Nikacheka. Betri za tochi! Darasani wangeniuliza kama inashika na redio. Nikamwacha mbuzi, nikabeba ile inayong'aa.

Siku hiyo nilipiga picha za ukungu, za kuku, za mguu wangu, za kuku tena. Betri ikafa kabla koko hajamaliza kufunga kitambaa.

Ilikuwa masika. Nyumba ya kuchajia simu, kule juu mlimani, inategemea jua. Simu zilipata kidogo, lakini chaja yangu ilitaka prizi ya umeme mwingi, na mwenye nyumba hiyo alinirudisha kila siku. "Kaka, hii chaja iko inakula kama ng'ombe. Ngoja jua." Nikapanda mlima, nikateleza, nikashuka. Kesho yake vilevile. Kila asubuhi koko alivaa kitenge cha misa, akakaa kwenye kiti mlangoni. Kila jioni alikivua, akakikunja. Siku ya tano alianza kukohoa, na mizaha yangu yote ikaishia pale.

Siku ya sita nikarudi kwa Papa, nimelowa mpaka mfupa. Ile ya zamani ilikuwa palepale mezani.

"Ndio unarudi," alisema. "Nilikuwekea."

"Ulijua?"

"Mutoto, hata mimi nilianza na yenye kung'aa."

Tukabadilishana. Nyumbani nikatoa betri mbili kwenye tochi yetu, mbili nikaazima kwenye redio ya jirani. Koko akakaa, mikono magotini. Aparei ikalia kama mlango wa kibanda cha mbuzi. Nikamwonyesha picha kwenye kioo chake. Akaisogeza karibu na macho.

"Huyu mama amechoka sana."

"Ni wewe, koko. Nipige ingine? Ucheke kidogo."

"Siku sita kwenye kiti, nicheke nini? Iache hiyo. Huyu hakuiba kuku."

Akaenda kuvua kitenge. Nikatoa betri, mbili nikazirudisha kwenye tochi, mbili nikampelekea jirani aliyekuwa amenuna kwa kukosa redio, kisha nikakaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Hata mimi nilikuwa nimechoka, miguu iliniuma.