Nilidanganya ukweni kwamba mimi ni mtu wa chai, mzee akanipandisha treni sebuleni Makongeni

Niaje wakuu,

Ketini vizuri. Hii imenitokea mimi mwenyewe, Jumapili iliyopita, na sijaongeza chumvi. Sukari labda.

Naandika nikicheka peke yangu hapa workshop hadi jirani ameuliza kama niko sawa. Niko sawa sana. Sijawahi kuwa sawa hivi.

Naitwa Mutua. Ni fundi wa makochi hapa Mbotela, Nairobi. Kochi lako likizama katikati kama mtumbwi, mimi ndiye unaniletea. Nina miaka thelathini na moja, na tangu utotoni sikuwa nakunywa chai.

Najua. Mkenya gani hanywi chai? Tulieni niwaeleze.

Nikiwa mdogo kwa shosho, yaani nyanya yangu, Machakos, chai ilikuwa inapikwa kwa maziwa mazito ya ng'ombe wake. Ikipoa kidogo, juu inafanya ule utando. Siku moja utando ukanishika kooni, nikadhani nakufa. Tangu hapo, nikiona kikombe cha chai ya maziwa, koo inajifunga yenyewe.

Sasa, miezi minane iliyopita nikapatana na Nekesa.

Nekesa ni karani kwa ofisi ya wakili pale karibu na korti za Makadara. Alileta kiti cha bosi wake kushonwa. Kiti nilikimaliza kwa siku moja, lakini nikamwambia ni wiki mbili, ndio awe anapita kuuliza. Wazee wa kazi mnanielewa.

Nekesa ni Mbukusu, na nyumbani kwao chai si kinywaji, ni mtu wa familia. Kila tukikutana, yeye anaagiza chai, mimi nasema, "Leo jua ni kali, wacha nichukue soda." Kulikuwa na jua kali miezi minane mfululizo, wakuu. Hata siku za mvua.

Halafu Jumatatu ya juzi akanitumia message: "Baba anataka kukuona Jumapili baada ya kanisa. Uje na njaa ya chai."

Chini yake akaongeza: "Baba anaweza kukubali mtu maskini. Mwongo hapana. Kuna mmoja alisema ni engineer, akafukuzwa kabla mkate haujakatwa."

Nilikaa chini kwa kochi la mteja nikaanza kutoa jasho.

Ningemwambia ukweli siku hiyo, hii thread haingekuwepo. Lakini mwanaume akipenda akili yake inahama. Nikaona ni rahisi kujifunza chai kwa siku sita kuliko kusema sentensi moja.

Jumanne asubuhi nikavuka barabara hadi kwa Mama Brayo, jirani yangu anayeuza chai na mandazi. Nikamwambia shida yangu kwa sauti ya chini.

Alicheka hadi akashika meza. "Mutua! Miaka sita tuko majirani, nilidhani hunipendi mimi. Kumbe ni chai!"

Akaanza kunifundisha kama mtoto wa nursery. Siku ya kwanza strungi, chai bila maziwa, na tangawizi nyingi. Siku ya pili tone la maziwa. Siku ya tatu maziwa zaidi.

"Usiinywe kimya kama dawa," akaniambia. "Ivute. Wacha isikike. Chai inataka ijue umeifurahia."

Na hapa niseme ukweli. Kufikia Ijumaa nilikuwa naamka nikisikia harufu ya ile tangawizi kutoka ng'ambo ya barabara na miguu inatoka yenyewe. Moto unaingia kifuani, unashuka tumboni, unatulia hapo kama paka. Nikajiuliza, mimi nimekuwa wapi miaka hii yote?

Lakini Mama Brayo anachuja chai yake mara mbili na anaipeana ikiwa moto. Utando sikuwa nimekutana nao.

Jumapili ikafika. Shati nimepiga pasi mpaka kola inakata. Nimebeba mkate, sukari na majani ya chai.

Makongeni, zile nyumba za reli, Nekesa akanipokea mlangoni. Ndani kulikuwa na mama yake, shangazi yake wanayemwita Senge, na baba mwenyewe, Mzee Wafula.

Mzee ni mrefu, mkimya, ana suti ya kijivu. Alifanya kazi kwa treni, behewa la chakula, miaka na miaka. Kazi yake ilikuwa kupelekea abiria chai.

Niliposikia hiyo, nikajua nimeisha. Nilikuwa nimekuja kudanganya daktari kuhusu ugonjwa.

"Karibu, kijana. Unakunywa chai?"

"Sana, mzee," nikasema. "Mimi bila chai si mtu."

Hakuna mtu aliniuliza hiyo sehemu ya pili, wakuu. Ilijitokea tu.

Mama akaleta birika. Vikombe vya chuma, vikubwa, vile unaweza kuogeshea mtoto. Mayai ya kuchemsha, njugu, mandazi, na ule mkate wangu. Mzee akamimina mwenyewe, birika juu, kikombe chini, chai inashuka kama kamba na haitoi tone nje.

Nikashika kikombe. Iko moto. Harufu nzuri. Nikajua hii naiweza.

Senge akasema, "Tuombe."

Wakuu, Senge anaongoza maombi ya akina mama kanisani kwao. Aliombea chai. Akaombea waliopika. Akaombea barabara niliyopitia. Akaombea watu wa reli walio hai na waliolala. Akafika kwa serikali. Mimi nimefumba jicho moja, lile lingine linaangalia kikombe changu, na naona kabisa juu panaanza kukunjana.

"Amina" ilipofika, utando ulikuwa mzima. Umelala hapo kama blanketi.

Na watu wote wananiangalia mimi. Mgeni ndiye anaanza.

Nikakumbuka Mama Brayo. Ivute. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote.

Utando ukaja wote pamoja. Nusu ukaingia, nusu ukabaki unaning'inia kwa kidevu. Koo ikajifunga. Nikakohoa, chai ikatokea puani, ikamrukia Senge kwa leso yake ya kanisa.

Senge akaitazama leso yake.

Mama akasema polepole, "Uuuwi."

Mzee Wafula akaweka kikombe chake chini. "Kijana. Ulianza kunywa chai lini?"

Sijui ni nini kilinishika. Pengine ni vile machozi yalikuwa yananitoka. Nikasema, "Jumanne, mzee."

"Jumanne ya mwaka gani?"

"Jumanne hii."

Nikawaambia yote. Shosho, utando, soda, Mama Brayo. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya njugu. Hakuwa anacheka.

"Miezi minane, Mutua?" akaniuliza. "Kitu kidogo hivi ulishindwa kuniambia?"

Hapo ndipo iliniuma. Niliona nimejiharibia na mtu ninayemtaka, kwa sababu ya kikombe. Nikamwambia, "Nisamehe. Niliogopa utaniona si mtu wa kwenu." Nikaanza kutafuta kofia yangu, na hata sikuwa nimekuja na kofia.

"Keti," Mzee akasema.

Nikakaa.

Akaanza kuongea, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Baba yangu alichuma chai Kericho. Kikapu mgongoni kutoka asubuhi. Lakini sisi watoto wake chai hatukuijua. Majani mazuri yalienda kwa meli. Kwetu ilikuwa uji, na vumbi la chai siku ya Krismasi. Nikaja Nairobi kutafuta kazi ya reli. Mkubwa akaniuliza, unajua kuandaa chai? Nikamwambia, nimefanya kazi hoteli kubwa. Sikuwa nimeshika birika maishani mwangu."

Mama akageuka. "Baba Nekesa! Hiyo hujawahi kuniambia!"

"Hukuuliza," Mzee akajibu. "Siku ya kwanza, treni ikakata kona. Chai yote ikaenda kwa mapaja ya abiria. Mkubwa hakunifukuza. Alinitembeza kwa behewa na sinia, huku na huku, mpaka nikajua. Sasa wewe simama."

Nikasimama.

Akanipa sinia na vikombe vinne juu ya visosi, vimejaa mpaka vidole viwili kutoka juu. Akaja nyuma yangu, akanishika mabega. Mzee wa miaka sabini na kitu, mikono kama koleo.

"Kunja magoti. Usiangalie chai, angalia mtu unayempelekea. Tunatoka stesheni."

Na Mzee Wafula, na suti yake ya kijivu, akapiga honi ya treni kwa mdomo.

Wakuu, aliniyumbisha! "Kona ya kulia!" Mwili wote unaenda. "Daraja!" Ananitikisa. Mama alikuwa wa kwanza, akachukua kikombe chake akicheka, hakuna tone lililomwagika. Majirani waliokuwa wanaanua nguo wakaja dirishani. Mmoja akauliza, "Kuna nini hapo?" Mama akamjibu, "Tunaenda Mombasa!"

Cha pili kilikuwa cha Mzee mwenyewe. Akanyoosha mkono juu ya bega langu akakichukua bila kusimamisha treni.

Cha tatu kilikuwa cha Nekesa. Nikamwangalia machoni vile niliambiwa. Alikuwa amejaribu kukasirika lakini midomo ilikuwa inatetemeka. Akapokea kikombe, akasema, "Abiria ameridhika, lakini bado ana malalamiko." Halafu akapasuka kicheko hadi akakaa sakafuni.

Ikabaki Senge. Senge wa leso yenye madoa ya pua yangu.

"Breki!" Mzee akapiga kelele, akanivuta nyuma. Chai ikaruka, ikamwagika, lakini ndani ya kisosi.

Senge akatazama kisosi. Akanitazama mimi. Akakiinua kwa mikono miwili, akaivuta hiyo chai kwa sauti ambayo Mama Brayo angelia kwa furaha.

"Ya kisosi ndiyo tamu," akasema. "Huyu mkwe abaki. Lakini mumchujie."

Wakachuja yangu. Nikanywa vikombe vitatu. Hakuna aliyenilazimisha.

Nikiaga, Mzee akaniuliza kama wazazi wangu wako hai. Nikasema wako. Akasema, "Waje mwezi ujao. Na kabla waje, kama kuna kitu kingine umetuficha, sema sasa hivi."

Nikamwambia kuhusu kile kiti cha wiki mbili. Nekesa alinipiga na kitambaa cha meza.

Jana usiku nimempigia mama yangu Machakos. Akapiga kigelegele, simu ikakwaruza, halafu akaniambia nimeze aibu nimpigie Nekesa kila siku mpaka amalize malalamiko yake. Napiga. Yamebaki kidogo.

Wakuu, nilichojifunza: kumpenda mtu si kujifanya umezaliwa kwao. Mwambie ukweli mapema, hata kama ni wa kuchekesha, kwa sababu ule mdogo unaoficha ndio unakaa kooni. Na chai, kama uliikataa ukiwa mtoto, ipe nafasi ya pili. Mimi nimekosa miaka thelathini na sitaki mwingine akose.

Haya, nimeweka birika mezani. Wewe ukweni ulidanganya nini, na walikushika vipi? Na wale wa kahawa pia karibuni, hapa hakuna anayefukuzwa.